Dola 2,000 za kwanza kwenye pikipiki ya theluji: ekzosi, turbo au nini?

SWALI: Salaam, fundi. Naishi Salt Lake City. Nimenunua kwa mtu Ski-Doo Summit 850 ya 2019, treki (ule ukanda wa mpira unaozunguka chini na kuisukuma) ya inchi 154, haijaguswa chochote tangu itoke kiwandani. Mimi nina kilo 98 kabla ya kuvaa nguo za baridi. Wenzangu ninaokwenda nao milima ya Uinta wameshabadilisha ekzosi, na mmoja kafunga turbo. Yangu ikipanda mlima inanyanyua pua, ikianza kuondoka kwenye theluji laini inajichimbia shimo, na mwezi Machi kwenye barabara ya theluji iliyoshindiliwa taa ya joto iliwaka. Nimetenga dola 2,000. Nianze na ekzosi, au nikusanye nifunge turbo? – M.

JIBU: Kaka M., ekzosi iache dukani kwanza. Kati ya dalili hizo tatu hakuna hata moja inayotokana na uhaba wa nguvu. Injini hiyo inatoa nguvu farasi kama 165 ikiwa usawa wa bahari, na chombo chenyewe kikiwa hakina mafuta kina kilo 200 na ushee. Kinachokusumbua ni kwamba kimepangwa kwa mtu mwepesi kuliko wewe, na pengine kwa mlima mfupi kuliko wenu.

Kweli, kule juu nguvu zinapungua. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda. Barabara ya Mirror Lake huko Uinta inapita juu ya mita 3,200 pale Bald Mountain Pass, kwa hiyo ukifika pale unabaki na farasi kati ya 110 na 120. Ekzosi ya dukani itakuondolea kilo chache na kukuongezea farasi wa kuhesabu kwa vidole, basi. Kubwa utakalolipata ni kelele, na kelele ndiyo inayowafanya wenye ardhi na majirani wa njia zetu wadai zifungwe. Turbo ni habari nyingine, hiyo inarudisha nguvu zilizoliwa na mwinuko. Ila kuifunga kwenye injini iliyokwishatumika, ambayo hujui aliyekuuzia aliitunzaje, ni kuanzisha mradi usioisha: mafuta, klachi, joto, na mfuko wako. Ski-Doo wenyewe walianza kuuza Summit 850 yenye turbo ya kiwandani kwa modeli ya 2020. Siku ukiona huwezi kuishi bila turbo, uza hii ununue ile.

Kuna kitu swali lako halikukitaja: bikoni, yaani kifaa cha redio cha kumtafuta mtu aliyefukiwa na maporomoko ya theluji. Kama unayo, ruka aya hii na ijayo. Kama huna, nusu ya pesa zako inaishia hapa na sitakuonea huruma. Unahitaji bikoni ya kisasa ya kilohezi 457, fimbo ya kuchomea theluji kumtafuta aliyefukiwa, na sepetu ya chuma, si ya plastiki. Zikibaki pesa, ongeza begi la mgongoni lenye puto la hewa. Bikoni ivaliwe mwilini chini ya koti, na simu ikae mbali nayo sentimita 20 au zaidi. Ukiwa unatafuta mtu, vifaa vyote vya umeme viwe sentimita 50 au zaidi kutoka kwenye bikoni. Sepetu na fimbo vikae mgongoni. Nawaona wengi wamezifunga nyuma ya kiti. Sasa pikipiki ikifukiwa au ikiporomoka bondeni, utamfukua mwenzako kwa viganja? Aliyefukiwa anakuwa na nafasi nzuri ya kutoka hai katika dakika kumi za mwanzo, na baada ya hapo nafasi inashuka haraka mno.

Utah Avalanche Center, kituo cha Utah cha kutabiri maporomoko ya theluji, wanatoa taarifa ya hatari kila siku wakati wa msimu, kwa ngazi tano, na wana mafunzo ya waendeshaji wa vyombo vya injini. Nenda. Maporomoko mengi hutokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, yaani ileile mnayoipenda kupimana nani atafika juu zaidi. Apande mmoja mmoja. Mwenzako akinasa katikati ya mteremko, usimfuate kumsaidia. Pikipiki ya pili inaweza kuwa ndiyo inayouangusha mlima wote.

Haya, tuingie gereji. Tuanze na pua kunyanyuka na shimo, maana kwa kilo 98 ni ugonjwa mmoja. Ongeza buti, helmeti, begi, halafu galoni ya petroli uliyoifunga nyuma: umekuwa mtu wa kilo 115. Springi za kiwandani huchaguliwa kwa mtu wa uzito wa wastani. Wewe ukisimama juu yake nyuma inakaa chini, pua inaelekea mbinguni, na treki inapokea nguvu ikiwa imesimama kwa pembe kali, kwa hiyo inachimba badala ya kupanda juu ya theluji. Vaa kila kitu, panda, na mwenzako apime bampa la nyuma limeshuka kiasi gani. Linganisha na mwongozo. Kaza springi ya nyuma hadi ufikie kipimo. Ikiwa umekaza mpaka mwisho na bado inakaa chini, nunua springi ngumu zaidi inayolingana na uzito wako. Hiyo ni pesa halali.

Ukimaliza, ndipo uguse ule ukanda wa kitambaa unaozuia mkono wa mbele wa saspensheni ya treki. Ufupishe tundu moja tu, ukajaribu mlimani. Utaona ski za mbele zinabaki chini zaidi wakati wa kupanda. Ukiufupisha kupita kiasi, pua inaanza kulima theluji na usukani unakuwa mzito. Badilisha kitu kimoja kwa safari moja, la sivyo hutajua kipi kimekuponya. Na shimo lile lina sehemu ya mkono wako pia: wakati wa kuondoka usibonyeze mafuta yote kwa pupa.

Joto la mwezi Machi lina dawa ya bei ndogo kuliko zote. Rejeta ya chombo hiki haiko mbele kama ya gari. Maji yanapozwa kwenye mifereji ya alumini iliyo chini ya bodi, juu ya treki, na kinachoipooza ni theluji inayorushwa na treki. Barabara ikiwa ngumu kama saruji hakuna kinachorushwa. Maji yanachemka, na zile plastiki za reli ambazo treki inateleza juu yake zinaanza kuyeyuka. Chungulia kama una vikwaruzo, yaani vyuma viwili vya springi vinavyoning'inia kwenye reli na kuchana barafu ili vumbi lake lirushwe juu. Kama havipo, nunua leo. Kama vipo, vishushe! Wengi wanaendesha navyo vikiwa vimekunjwa. Ukirudi nyuma vipandishe, isipokuwa vyako viwe vya aina inayoruhusu, maana vya kawaida hupinda.

Zilizobaki zipeleke kwenye klachi, na hapa ndipo utakapozipata zile farasi ulizokuwa unataka kununua kwa ekzosi. Kompyuta ya injini inapunguza petroli yenyewe kadiri unavyopanda, lakini vizito vilivyo ndani ya klachi ya mbele havijui kama uko Uinta au ufukweni. Vikiwa vizito kuliko nguvu zilizobaki, vinabana belti (mkanda unaopeleka nguvu kwenye klachi ya nyuma) mapema, gia inapanda kabla ya wakati, na injini inavutwa chini ya mizunguko yake ya nguvu. Tuseme mwongozo unataka 8,000 kwa dakika na wewe ukibonyeza mafuta yote unaishia 7,600: unazo farasi ambazo hazifiki kwenye treki. Hapo vizito vinapunguzwa. Ikizidi namba ya mwongozo, vinaongezwa.

Kabla ya kubadili chochote, fungua klachi, pulizia vumbi la belti, na angalia belti yenyewe. Ikiwa pande zake zimeng'aa kama kioo au imepungua upana, weka mpya, ya zamani ibaki ya akiba. Nimeona watu wananunua seti nzima za vizito kwa sababu ya belti iliyochoka.

Bamba la kulinda tumbo ni zuri kama mnapita kwenye magogo. Usukani wa kuinuliwa unategemea urefu wako. Usiige wa rafiki. Ile kamba ya kuzima injini ukianguka tayari unayo, ifunge mwilini.

Safari ijayo, mkiwa juu ya mita 2,700 kwenye theluji nene, bonyeza mafuta yote kwa sekunde chache na umwambie mwenzako asikusogelee. Niandikie mizunguko uliyoiona, uzito wako ukiwa umevaa kila kitu, na namba iliyochongwa kwenye vizito vyako, nikwambie upunguze gramu ngapi.