Nguzo za Sahare na za Kigombe hazisemezani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimepima samaki wanaoshushwa kwenye madiko manne ya mkoa wa Tanga, Deep Sea, Sahare, Kigombe na Moa, kuanzia Juni hadi Septemba. Nahesabu kilo za changu, tasi, pweza na nguru, na kila diko nalichorea grafu yake ya nguzo kwa Octave, programu ya hesabu ya kompyuta. Tabu ni kwamba kila grafu inatoka na sura yake. Sahare buluu ni changu, Kigombe buluu hiyo hiyo imekuwa tasi. Moa nauli iliniishia, nikapima Agosti peke yake, na nguzo zake nne zimetoka rangi moja, zimetawanyika kana kwamba ni miezi minne. Msimamizi amenirudishia kazi mara mbili. Nakosea wapi? — Mwanafunzi, Sahare.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa nauli.

Amri ya bar, ile inayochora nguzo, haimjui changu wala tasi. Inaona namba tu: kila mstari wa jedwali ni kundi moja la nguzo, kila safu ni rangi moja, kwa zamu. Nina hakika Kigombe hukupata changu, ukaifuta safu yake. Basi tasi akasogea akakalia kiti cha changu, na rangi ya kiti akairithi. Usifute kitu. Kila diko lipewe jedwali la mistari minne ya miezi na safu nne za samaki, kwa mpangilio ule ule, hata kama nusu yake ni tupu.

Hapo kwenye utupu tusipite haraka. Ukienda dikoni, ukakaa mpaka ngalawa ya mwisho, changu hakuna, andika 0. Kama hukwenda, andika NaN, alama ya Octave ya mahali pasipo na namba. Kwenye picha vyote viwili ni pengo, ndiyo maana vijana wanavichanganya. Lakini ukijumlisha kwa sum, NaN moja inageuza jumla nzima kuwa NaN, na ni haki yake: huwezi kujua jumla ya kitu ambacho hukukipima. Ukiandika 0 kwa Juni ya Moa, umewaambia watu wa Moa kwamba mwezi mzima hawakuvua.

Moa yenyewe ina mtego wake. Jedwali la mstari mmoja Octave hulihesabu kama orodha tu ya namba, kwa hiyo namba nne zimekuwa makundi manne ya nguzo mojamoja. Dawa ni kutandika jedwali tupu kwanza, kisha kuiweka Agosti mahali pake, mstari wa tatu. Namba hizi ni za mfano:

M = NaN(4,4);
M(3,:) = [12 30 8 5];
h = bar(M);
set(h(1), 'facecolor', [0 0.4 0.7]);

Mstari wa mwisho unamfunga changu kwenye buluu yake. Wafanyie hivyo hivyo h(2) mpaka h(4). Na kwa kuwa nafasi za miezi ni nne kila mahali, unene wa nguzo nao utalingana bila wewe kuugusa.

Sasa kipimo cha kusimama. Hili liliwahi kuniaibisha. Nilibandika grafu mbili ukutani mbele ya wavuvi, na programu ilikuwa imejichagulia kimo yenyewe: moja iliishia kilo 400, nyingine 40. Nguzo zikalingana urefu. Mzee mmoja akainuka, akauliza tangu lini diko lao linapimana na Deep Sea. Sikuwa na jibu. Tafuta namba kubwa kuliko zote kwenye majedwali yote manne (max huiruka NaN), iongeze kidogo, iite juu, kisha uandike ylim([0 juu]) baada ya bar, maana ukiitanguliza, bar itaifuta. Kama nguzo za Kigombe zitabaki fupi kama nyasi, ziache hivyo, kisha ichoree Kigombe grafu ya pili yenye kimo chake na useme wazi chini yake.

Haya yote yafungie kwenye funksheni moja, yaani fungu la amri lenye jina lake, uiite mara nne. Kunakili na kubandika ndiko kulikokufikisha hapa.

(Mjukuu wangu mpiga kinanda anaapa kwamba jina Octave limetoka kwenye muziki. Aliyeianzisha, John W. Eaton, alimpa heshima mwalimu wake wa uhandisi wa kemikali, Octave Levenspiel.)

Kabla hujampelekea msimamizi, pita stesheneri utoe nakala moja ya rangi nyeusi. Buluu na zambarau huko hutoka kijivu kimoja, na changu wako atageuka nguru. Chagua rangi moja nzito, moja nyepesi.