Legeza Demani Kwanza, Tanga Jipya Utanunua Baadaye

Kwa miaka kama minne niliamini chombo changu cha matanga ni kizito. Nilikwangua ukoga chini, nikashusha mizigo, na mwisho nikatoa pesa nyingi kununua tanga jipya la mbele, kubwa kuliko lile la kwanza. Siku ya kwanza kulitweka, nikapitwa na mashua yenye tanga lililopauka na viraka viwili. Mwenyewe amekaa, mkono mmoja kwenye usukani, wala hana haraka.

Tulipotia nanga nilimfuata kumuuliza siri. Akanijibu, "Siri gani? Tanga lako umelinyonga."

Alikuwa amesema kweli, na nikiangalia vyombo vingi sasa naona kosa lilelile. Mtu anabisha, yaani anakwenda kuelekea upepo unakotoka, anavuta demani, ile kamba ya kukaza na kulegeza tanga, mpaka inalia, tanga linakaza kama ngoma, chombo kinalala upande, naye anadhani hiyo ndiyo nguvu. Chombo kinapobisha, tanga halisukumwi kutoka nyuma. Linafanya kazi ya ubawa wa ndege: hewa inapita pande zote mbili, na ile inayopita demanini, upande usiopigwa na upepo, ndiyo inayolivuta mbele. Ukikaza kupita kiasi, hewa ya demanini inashindwa kufuata mkunjo wa tanga, inakatika na kuzunguka ovyo. Kuanzia hapo unazidi kwenda ubavu, na mwendo wa mbele unapungua. Ubaya wake ni kwamba tanga lililokazwa linapendeza machoni. Lililolegea linapigapiga, kila mtu analiona. Lililonyongwa linanyamaza.

Ndiyo maana nakushauri ubandike nyuzi kabla hujawaza kununua chochote. Chukua uzi wa sufu, kata vipande vya sentimita 15 hadi 20, ubandike kwenye tanga la mbele, kama sentimita 30 kutoka ukingo wa mbele, pande zote mbili, katika vimo vitatu: chini, katikati na juu. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, uzi wa demanini ulikuwa unazunguka kama mlevi anayetafuta mlango. Nikalegeza demani shibiri moja tu. Uzi ukalala, ukanyooka kuelekea nyuma. Chombo kikainuka kidogo, na mlio wa maji tezini, huku nyuma, ukabadilika kabla sijaangalia kipima mwendo.

Kusoma nyuzi si kazi. Uzi wa demanini ukivurugika, legeza demani au elekeza omo, yaani mbele ya chombo, karibu zaidi na upepo. Wa joshini, upande unaopigwa na upepo, ukipanda na kuchezacheza, kaza, au geuza omo mbali na upepo kidogo. Halafu geuka polepole kuelekea upepo uone uzi upi wa joshini unavurugika kwanza. Ukianza wa juu, kapi linalopitisha kamba ya demani liko nyuma mno, lisogeze mbele. Ukianza wa chini, lirudishe nyuma. Kwenye tanga kuu, weka nyuzi ukingo wa nyuma. Ule wa juu ukijificha nyuma ya tanga muda wote, umekaza. Sehemu ya juu ya tanga inatakiwa ifunguke zaidi ya chini, kwa sababu huko juu upepo ni mkali zaidi, haujapunguzwa na uso wa maji.

Kamba inayosahauliwa ni jarari, ile ya kupandishia tanga. Watu wanatweka asubuhi, wanafunga, basi, hadi jioni. Upepo ukizidi, kitambaa kinanyumbuka na tumbo la tanga linahamia nyuma, mahali linapolaza chombo badala ya kukipeleka. Kaza jarari, tumbo linarudi mbele. Mikunjo midogo ya kulala kando ya mlingoti ina maana jarari imelegea, na mkunjo mmoja mrefu wa wima ukifuata mlingoti, umezidisha.

La kupunguza tanga, yaani kukunja sehemu yake, nalisema kwa ufupi, maana mimi mwenyewe nilikuwa mbishi. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne. Ukiona unapigana na usukani ili omo isikimbilie upepo, basi usukani wako umeshakuwa breki. Punguza. Mara nyingi mwendo haushuki hata kidogo.

Sasa, ukifika kweli wakati wa kununua, usianze na ukubwa. Chombo cha kawaida kina kikomo chake: chenye urefu wa mita 8 kwenye mstari wa maji hufikia kilomita 12 au 13 kwa saa, na baada ya hapo tanga la ziada linakilaza tu. Anza na umbo. Simama chini ya tanga lako la zamani, piga picha kuelekea juu, uone tumbo liko wapi na lina kina gani. Kwa tanga lenye upana wa mita 3, kina cha sentimita 30 hadi 36 ni tanga bapa la upepo mkali, na 45 ni tanga lenye tumbo, la upepo wa wastani na mawimbi ya kusukuma. Kama kina kimezidi hapo na tumbo limeshahamia nusu ya nyuma hata ukikaza jarari, kitambaa kimechoka. Hapo utanunua, hakuna ujanja.

Kuhusu kitambaa, dakroni, ambayo ni poliesta ya kufumwa, inavumilia kukunjwa, jua na uzembe. Vile vya tabaka zilizogandishwa vinashika umbo vizuri zaidi, lakini vinachukia kukunjwa na huharibika mapema. Kama hushindani, chukua dakroni, na pesa inayobaki nunua demani na jarari zisizonyumbuka.

Lile tanga langu kubwa ninalo bado. Nalitweka upepo ukiwa mwembamba, demani nikiishika kwa vidole viwili, na kila mara najikuta nataka kuikaza.