Timu ya mtaani kuingia ligi ya wilaya

Ndugu, nimekuelewa: timu yenu ina wachezaji na jezi, ila chama cha soka cha wilaya kimeikataa kwa kukosa usajili. Anzieni kwa afisa michezo wa halmashauri. Pelekeni katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha klabu na orodha ya wanachama yenye sahihi. Maombi huenda kwa Msajili wa vyama vya michezo, chini ya Baraza la Michezo la Taifa (BMT) la Tanzania. Kagueni jina: katiba ikisema "FC" na muhtasari "SC", mtarudishwa.

Mkipata cheti, ombeni kanuni za msimu kwa maandishi. Mchezaji wa klabu nyingine asiguse mpira bila barua ya kuachiwa, maana rufaa moja yaweza kuwapokonya pointi. Mgogoro ukizuka, nendeni kamati za soka, si mahakamani, FIFA inakataza.