Maswali ya Wasomaji: Anajenga Afu Anabomoa, Nitamfundishaje Namba?

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa nyumbani, niko Tabata. Binti yangu ana miaka 4 na nusu, tumeamua mwaka huu asome nyumbani kwanza maana kule tulikotaka aende gari linapita saa 10 na nusu alfajiri, nikasema hapana. Shangazi yake kamletea boksi zima la Duplo, vile vitofali vikubwa vya plastiki vya Lego vya watoto wadogo, nikajua hapa ndo nitamfundishia hesabu. Sasa nikikaa nae nikimwambia moja, mbili, tatu, yeye anajenga mnara mrefuuu afu anaupiga teke, anacheka, anaanza upya. Baba yake anasema napoteza muda nimnunulie madaftari tu. Nifanyeje? — Mama Zuhura

Marahaba mwanangu. Madaftari weka kabatini kwanza, yatafika wakati wake. Na huo mnara anaoupiga teke usiuchukie, somo liko humo humo. Mpe siku tatu nne abomoe anavyotaka, we kaa chini kwenye mkeka umwangalie tu bila kumwambia hesabu, utaona mwenyewe anaanza kuweka vitofali viwili chini badala ya kimoja kwa sababu ameshagundua kwamba mnara wa mguu mmoja haufiki mbali, na hakuna mtu alomfundisha. Hapo sasa ndo unaingia na swali moja tu kabla hajaupiga: unadhani utafika wapi kabla haujaanguka, kwenye goti lako au kwenye kitovu? Akijibu, mnapima. Ukianguka mnaokota pamoja, na kuokota ndo kuhesabu.

Kuhesabu kwa watoto wengi wa umri wake ni wimbo. Anafika hadi ishirini vizuri kabisa lakini mwambie nipe vitofali vitano, anakupa nane. Mdomo unakimbia kuliko mkono. Dawa yake ni beseni: kila neno moja kitofali kimoja kinadondoka kwenye beseni, ko! moja, ko! mbili, asiseme neno jingine mpaka asikie mlio. Dakika 10 au 15 zinatosha, akichoka acha, endeleeni kesho.

Akishashika kumi bila kukosea ndo raha inapoanza, na hapa Kiswahili chetu kinatubeba sana. Jenga mnara wa vitofali kumi, pembeni yake weka kimoja, muulize hiyo ni ngapi. Kumi NA moja. Ongeza, kumi na mbili. Anaona kwa macho kwamba jina la namba ndo linavyosema, kuna kumi halafu kuna na kadhaa, wakati mtoto anaesoma kwa Kiingereza inabidi akariri eleven na twelve ambazo hazimuonyeshi kumi iko wapi. Tatizo letu linakuja kwenye ishirini, thelathini, arobaini, maneno yametoka Kiarabu na yanaficha ile kumi, kwa hiyo hapo mjengee minara miwili ya kumi kumi, iiteni kwanza "makumi mawili" afu ndo mseme hii tunaiita ishirini. Nimefundisha watoto wadogo miaka mingi na hiki kitu kimoja, kumi inayoshikika mkononi, naona kinasaidia kuliko ukuta mzima wa machati.

Kingine, kwenye Duplo kuna vitofali vyenye vinundu 8 juu na vingine vyenye 4. Mpe kimoja kikubwa muulize vidogo vingapi vinakifunika chote. Viwili. Ameshajua nusu, na neno lenyewe hujalitaja bado. Na kule Afrika Kusini kuna walimu wanampa kila mtoto vitofali 6 tu vya Duplo vya rangi tofauti, na kwa hivyo sita wanafanya kazi za kila aina: funga macho, mama anaficha kimoja, rangi gani imepotea? Au mama anajenga kitu nyuma ya mto, anaelezea kwa maneno, nyekundu iko chini, njano juu yake, bluu pembeni ya njano, na mtoto anajenga kwa kusikiliza. Juu, chini, kati, nyuma, pembeni, yote hayo anayapata. Baba Zuhura mwambie hivi: vitofali 6 vya vinundu 8, vyote rangi moja, vinaunganishika kwa namna zaidi ya milioni 900, daftari gani lina kurasa hizo?

Habari mwalimu, mimi ni baba, niko Mafinga. Mke wangu anafundisha watoto wetu wawili nyumbani, mmoja miaka 5 mwingine mwaka na nusu. Hizo lego bei yake hatuiwezi. Kuna njia?

Baba, wewe uko Mafinga kwenye mbao halafu unaulizia plastiki! Lego wenyewe walianzia kwa fundi seremala, Ole Kirk Christiansen wa Billund kule Denmark, mwaka 1932 alikuwa anachonga vichezeo vya mbao, hivi vitofali vya plastiki tunavyovijua hati ya ubunifu wake ni ya 1958. Na kabla yake Mjerumani Friedrich Fröbel, aloanzisha kule Blankenburg mwaka 1837 kile tunachokiita leo chekechea, alikuwa anawapa watoto mchemraba wa mbao uliokatwa vipande 8 sawa sawa. Mbao tupu, na zilitosha.

Nenda kwa fundi na ubao mmoja wa paina, mbili kwa mbili, futi 12. Apige randa KWANZA ndo apime, maana ukishapigwa randa haubaki inchi 2 kamili, kipande kifupi kiwe na urefu sawa na upana wake kiwe mchemraba, cha pili mara mbili yake, cha tatu mara nne. Kateni virefu 6, vya kati 12 na vifupi 20, unatoka na vipande 38 na unga wa msumeno. Vipimo visipotoka sawa mchezo wote umeharibika, kwa sababu vifupi viwili lazima vilingane kabisa na cha kati kimoja, hapo ndo hesabu ilipo, kwa hiyo simama na fundi mpaka amalize. Kisha msasa, pembe zote, mpaka upitishe mkono bila kuchomwa. Rangi achana nayo. Na tafadhali sana isiwe mbao ya dawa, ile ya kupaulia, mdogo wao ataiweka mdomoni siku ya kwanza.

Kwa huyo wa mwaka na nusu, kitu chochote kinachopita ndani ya kile kibomba cha karatasi ya chooni ni kidogo mno kwake, kinaweza kumkaba. Hivi vyako ni salama, lego ndogo ndogo hapana mpaka apite miaka 3. Usitegemee ajenge sasa hivi, atabeba tu kutoka hapa kwenda pale, anajaza ndoo anamwaga, na hiyo ndo hatua yake.

Dada, niko Muscat, mwanangu wa miaka 5 anasoma Kiingereza na Kiarabu, Kiswahili ananijibu neno moja moja. Vitofali vitasaidia?

Vitasaidia mpenzi, tena sana, kwa sababu ngeli hazifundishiki kwa maelezo. Weka vitofali, magari na watu wa plastiki kwenye mkeka, afu cheza duka, muuzaji ni yeye: naomba kitofali kimoja chekundu, vitofali viwili vyekundu, gari moja jekundu, magari mawili mekundu, mtu mmoja, watu wawili. Akikosea usimkatize, mrudishie tu sentensi iliyo sawa huku unapokea, "aa, vitofali viwili, asante baba", na uendelee kununua. Lipa kwa vifuniko vya chupa. Ukimaliza hela, mwombe akukopeshe, utasikia Kiswahili kitakavyomtoka.