Goti likikukataa, sogea mbele

Nilipofika miaka 42 goti la kulia lilianza kunigomea kila ninapotua. Nacheza mpira wa vinyoya, wawili kwa wawili, Jumanne na Ijumaa jioni, na miaka yote mimi ndiye nilikuwa wa nyuma: naruka, nakishindilia kinyoya, ukumbi unashangilia. Daktari alinikataza kuruka. Nilimsikia, sikumtii. Aliyenibadilisha ni Hendra Setiawan, ambaye wala hanijui.

Hendra ni mchezaji wa vinyoya Mwindonesia, mzaliwa wa Pemalang, aliyestaafu Januari 2025 akiwa na miaka 40. Dhahabu ya Olimpiki aliipata Beijing 2008 akiwa na marehemu Markis Kido. Ubingwa wa dunia aliuchukua mara nne: 2007 na Kido, kisha 2013, 2015 na 2019 na Mohammad Ahsan. Huo wa mwisho, kule Basel, aliutwaa siku aliyotimiza miaka 35.

Nilijiuliza, huyu magoti yake ni ya chuma? Nikakaa na simu usiku kadhaa natazama mechi zake. Mwanzoni sikuambulia kitu, maana macho yote yanakimbilia kwa Ahsan anayeruka kule nyuma. Basi nikajilazimisha kumtazama Hendra tu, hata kinyoya kikiwa upande wa pili. Kumbe mtu mwenyewe haruki ovyo. Raketi yake haishuki chini ya wavu. Ahsan anapiga kwa nguvu, wapinzani wanarudisha kwa shida, Hendra anakigusa tu, kinaanguka. Fainali ya All England ya 2019, yale mashindano makubwa ya vinyoya ya Uingereza, aliicheza kigimbi kinamuuma. Walipoteza seti ya kwanza 21-11 kwa Wamalaysia Aaron Chia na Soh Wooi Yik, wakashinda mbili zilizofuata. Mguu mmoja unatosha, kama mikono inajua kazi.

Kwa hiyo wewe ambaye goti au kiuno kimeanza kulalamika, usiuze raketi. Hamia mbele. Ila usijibandike kwenye wavu kama nilivyofanya mimi miezi miwili ya kwanza, vinyoya vikanipita masikioni. Simama hatua moja nyuma ya mstari mfupi wa kuanzishia, ule ulio karibu na wavu, raketi juu, na kinachopita bega lako mwachie mwenzako. Ukikifukuza mnagongana.

Kazi kubwa zaidi ni kuanzisha. Ukianzisha vibaya, kinyoya kinapaa juu ya wavu na mpinzani anakushindilia kabla hujainua mkono. Pointi imekwisha na mwenzako hajagusa kitu. Mimi nilifunga kamba juu ya wavu, kama shibri moja hivi, nikawa nawahi ukumbini nusu saa kabla ya wengine, napitisha vinyoya vichakavu kwenye huo uwazi. Wiki ya kwanza nilijiona mjinga. Kufika wiki ya tano, watu waliokuwa wakinirukia walianza kurudi nyuma. Na unapoanzisha, angalia kimo: kanuni inayotumika kimataifa tangu 2018 inataka kinyoya kiwe chini ya sentimita 115 kutoka sakafuni.

Halafu uso. Hendra akikosa au akipata, sura ni ileile. Mimi kijana ninayecheza naye akikosa nilikuwa natazama dari na kushusha pumzi. Sikujua kama ninafanya hivyo mpaka aliponiambia, "Kaka, ukiangalia dari namna ile, na kinachofuata nakosa." Siku hizi akikosa namgusa raketi kwa raketi, tunaendelea. Smashi zake zimekuwa kali ajabu, na nyingi anazipata kwa sababu nimemlazimisha mpinzani ainue kinyoya.

Ijumaa iliyopita mgeni mmoja alikuja kumpongeza kijana, akamshika mkono, akamwomba na namba ya simu. Akanigeukia mimi, akauliza kama ndiye ninayetunza funguo za ukumbi.