Kabla hujasakinisha kitu kingine, uliza mashine imetafuta wapi

Wiki iliyopita, saa nne usiku, kijana mmoja niliyewahi kufanya naye kazi ya ramani alinitumia picha ya skrini yake WhatsApp. "Shikamoo dada. Nimehangaika toka asubuhi, imegoma kabisa." Alikuwa anajenga programu huria kwenye laptopu yake, yaani kuugeuza msimbo wake uwe programu inayoendeshwa. Kwenye picha kulikuwa na mistari sita hivi, wa mwisho ukisomeka `make: *** [Makefile:146: all] Error 2`. Nikaitikia marahaba, kisha nikamwomba anitafutie mstari ambao hakuupiga picha: ule wa kwanza kabisa ulioandikwa `error:`, huko juu alikokwishapita.

Alipouleta, ulikuwa huu:

`c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus`

Hakukuwa na pakeji iliyopungua kwenye mashine yake. Laptopu ina RAM ya GB 4, naye aliandika `make -j8` kama alivyoona kwenye maelekezo ya mtu mwingine. Kompaila nane (kompaila ndiyo inayogeuza msimbo kuwa programu) zikakimbia kwa pamoja, kumbukumbu ikajaa, mfumo ukaua moja. Akaandika `make -j2`, akaenda kulala, asubuhi akakuta kazi imekwisha. Ila siku nzima alishaimaliza kwa kusakinisha pakeji moja baada ya nyingine, na bando lake likaenda nazo.

Naandika haya kwa sababu swali hili, kwa nini ujenzi umegoma, naulizwa mara kwa mara, na kwa sababu linaniuma. Watu wenye uwezo mzuri huachana na programu huria palepale kwenye mlango, wakati wa kuijenga, wakiamini kazi hii si ya watu kama wao. Wengi wao walibakiza hatua moja tu.

Kwanza huo mstari wa mwisho. Programu ya `make` huita nyingine, nayo huita nyingine, na aliye chini akianguka kila aliye juu yake hutoa taarifa kwamba mwenzake ameshindwa. `Error 2` ni taarifa ya taarifa, haina habari ndani yake. Na ukiwa umeruhusu kazi nyingi kwa pamoja, zile nyingine huendelea kuandika mistari yao baada ya mmoja kufa, kwa hiyo kosa lenyewe linazidi kufukiwa. Mimi huhifadhi kila kitu kwenye faili, kisha naliita kosa la kwanza kwa `grep`, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili:

`make 2>&1 | tee ujenzi.log`
`grep -n -m1 'error:' ujenzi.log`

Hiyo nuktambili baada ya `error` usiisahau. Katika mradi wa GDAL, kwa mfano, kuna faili inaitwa `cpl_error.cpp`, na bila nuktambili grep itakuletea jina la faili hiyo ambayo haina kosa lolote. Kama umekwama mapema zaidi, kwenye hatua ya `cmake`, inayokagua mashine na kuandaa ujenzi, tafuta `CMake Error`. Na kama ni hatua ya kuunganisha maktaba, maneno ya kutafuta ni `undefined reference`.

Nimetaja GDAL kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kazi hii. Mwaka 2022 nilihitaji toleo jipya la GDAL kwenye kompyuta ya ofisini. Ni maktaba huria inayosoma na kugeuza data za ramani, na QGIS, programu ya kuchora ramani, inaitegemea. GDAL nayo inaitegemea PROJ, ambayo hesabu zake ndizo zinazogeuza koodineti kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Kwetu Tanzania jambo hili si dogo. Plani nyingi za zamani zimechorwa kwa Arc 1960, na GPS ya simu yako inatumia WGS 84. Ukichukua namba zilezile ukazisoma kwa mfumo usio wake, unakosea kwa takribani mita 300. Mtaro wa maji ya mvua wa mtaa mmoja unaonekana uko mtaa mwingine. Kwa hiyo nilitaka PROJ mpya, na nilitaka kuwa na hakika kwamba GDAL inatumia hiyo hiyo.

Maelekezo niliyokuwa nayo yalianza na `./configure`. Mwaka huohuo GDAL ilikuwa inahama: toleo la 3.5 lilileta CMake, na 3.6 likaiondoa kabisa njia ya zamani. Kama unafuata maelekezo ya miaka mitano nyuma ukaambiwa faili `configure` haipo, usiitafute. Fungua maelekezo yaliyomo ndani ya msimbo wenyewe uliopakua, kwa sababu hayo ndiyo yanayolingana na toleo lako.

Nikaanza na PROJ. Ikakataa: `sqlite3 binary not found!` Nilishangaa, maana maktaba ya SQLite, ya kutunza hifadhidata, nilikuwa nayo. Hapa panahitaji kuelezwa taratibu, maana panawakwamisha wengi. Kwenye Ubuntu na Debian, kitu unachokiita SQLite kimegawanywa katika pakeji tatu. `libsqlite3-0` ni maktaba yenyewe, inayotumiwa na programu zilizokwisha kujengwa. `libsqlite3-dev` ina faili za `.h`, ambazo kompaila inazisoma ili ijue maktaba hiyo ina nini ndani. Na `sqlite3` peke yake ni ile amri unayoiandika kwenye terminali. PROJ inahitaji hizo faili za `.h`, na inahitaji na amri pia, kwa sababu wakati wa kujengwa hutengeneza hifadhidata yake, `proj.db`, kutoka kwenye faili za SQL. Neno `binary` kwenye ule ujumbe lilikuwa limeshasema kila kitu. Nililisoma juujuu nikaona `sqlite3 not found`, nikasakinisha tena kile nilichokuwa nacho.

Kwa hiyo soma ujumbe neno kwa neno. Ukiambiwa faili fulani ya `.h` haipo, unahitaji pakeji inayoishia na `-dev`, au `-devel` kama unatumia Fedora. Ukiambiwa `cannot find -lssl`, ni hatua ya kuunganisha, na inayokosekana ni `libssl`. Usisakinishe kwa kukisia. Kwenye Debian na Ubuntu kuna `apt-file search sqlite3.h`, inakutajia pakeji yenye faili hiyo, na bando lako linabaki salama.

PROJ ikajengeka, nikaiweka kwenye folda `proj9` ndani ya folda yangu ya nyumbani. Nikarudi kwa GDAL, nikaisanidi, hakuna kosa hata moja. Na hapo ndipo tatizo kubwa lilipokuwa. Kwenye mistari ya `-- Found` niliyokuwa nimeipita mbiombio, CMake ilikuwa imeandika kwamba imeipata PROJ kwenye `/usr/lib/x86_64-linux-gnu`. Ile ya zamani, ya Ubuntu. Masharti ya GDAL iliyatimiza, kwa hiyo CMake haikuwa na sababu ya kulalamika.

Kosa la aina hii naliogopa kuliko lile lenye maandishi mekundu. Mashine imetafuta, imepata, imeridhika. Wewe ndiye uliyekuwa na kitu kingine kichwani.

Nikaiambia pa kutafuta, kwa `-DCMAKE_PREFIX_PATH=$HOME/proj9`. Nikaendesha tena. Jibu lilelile! Nilipoteza mchana mzima hapo, na sababu yake ni faili moja inayoitwa `CMakeCache.txt`. CMake ikishakipata kitu inaandika humo mahali ilipokipata, na safari inayofuata haitafuti tena. Ambacho haikukipata, hukitafuta upya. Kwa hiyo ukisakinisha kitu kilichokosekana, inakiona bila shida, lakini ikiwa imepata kisichofaa, itakishikilia hicho hata ukibadilisha maelekezo. Fungua kache uone:

`grep -i proj build/CMakeCache.txt`

Halafu futa folda ya `build` yote, uanze upya. Kuanzia CMake 3.24 kuna `--fresh` inayoifuta kache hiyo na kusanidi upya, ila mimi bado natumia `rm -rf build`, kwani ndani ya folda hiyo hakuna kitu ambacho mashine haiwezi kukitengeneza tena. Ndiyo maana usijengee kamwe ndani ya folda ya msimbo wenyewe. Andika `cmake -S . -B build`, vitu vya kujengwa vikae kwenye chumba chao.

Baada ya kufuta, mstari wa `-- Found` ukaonyesha `proj9`. Nikajenga, ikamaliza. Nikaendesha `ogr2ogr`, amri ya GDAL ya kugeuza faili za ramani, kwenye faili ya mipaka ya kata, ikaanguka kwa `Segmentation fault`.

Dawa ilikuwa swali lilelile la mashine imetafuta wapi, ila safari hii nililiuliza kwa `ldd`, amri inayoonyesha maktaba zote ambazo programu itazipakia na mahali zinapotoka:

`ldd build/libgdal.so | grep proj`

Ikatoka mistari miwili: `libproj.so.25` kutoka kwenye folda yangu, na `libproj.so.15` kutoka `/usr/lib`. PROJ mbili ndani ya programu moja. Ya pili iliingiaje? Nilijaribu `ldd` kwenye maktaba moja moja mpaka nikafika `libspatialite`, maktaba ya data za ramani ndani ya SQLite, iliyotoka kwa apt (kisakinishi cha Ubuntu) na iliyojengwa na watu wa Ubuntu juu ya PROJ ya zamani. GDAL iliiona ipo ikaitumia, nayo ikaja na PROJ yake. `libgeotiff`, ya picha za ramani, nayo ilikuwa hivyohivyo. Sikuwa na haja na Spatialite, na GDAL ina nakala yake ya ndani ya GeoTIFF, kwa hiyo:

`-DGDAL_USE_SPATIALITE=OFF -DGDAL_USE_GEOTIFF_INTERNAL=ON`

Nikafuta `build`, nikajenga tena, `ldd` ikatoa mstari mmoja. Mipaka ya kata ikakaa juu ya barabara zake.

Ukifika mahali umekwama kweli, waulize watengenezaji, wala usione haya. Kiingereza kidogo kinatosha, kwa sababu wanachokitaka hasa ni vitu vinne: amri uliyoandika kama ilivyo, toleo la msimbo, jina na toleo la mfumo wako, na kosa la kwanza kwa maandishi. Picha ya skrini hawawezi kuitafutia chochote.

Ikikubali, usiondoke bila kuiandika ile amri. Mimi nina faili inaitwa `jenga.sh` katika kila mradi niliowahi kuujenga: amri nzima na tarehe, na juu yake maelezo ya kwa nini kila `-D` iko pale. Kompyuta ile ya ofisini sasa anaitumia mtu mwingine. Mwaka jana alinipigia kuuliza kwa nini Spatialite imezimwa, nikamwambia afungue mstari wa tatu.