Kama kidonge kitupu nacho kinapunguza mkojo, dawa ya kweli ninunue ya nini?

SWALI: Daktari, nina miaka 61, mwalimu mstaafu, naishi Mafinga. Mkojo ukinibana haunipi nafasi. Naingiza ufunguo mlangoni, nao umeshatoka. Niliandikiwa vidonge vya oksibutinini. Umepungua, ila mdomo unakauka hadi ugali haushuki. Mwanangu wa chuo ameniletea matokeo ya utafiti wa Marekani: waliomeza oksibutinini kuvuja kulipungua kwa asilimia 69, na waliomeza vidonge visivyo na dawa, asilimia 39. Sasa si naibiwa?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Huibiwi, ila kuna kipande cha hesabu mwanao hakukuletea. Nitakifikia.

Kwanza hicho kidonge kitupu. Kwenye majaribio ya namna hii mgonjwa hapewi vidonge akaachwa aende zake. Anapewa na daftari. Kila akienda haja ndogo anaandika saa. Kila akivujiwa anaandika, na alikuwa akifanya nini. Wiki mbili hazijaisha, anajiona mwenyewe kwenye karatasi: kumbe vikombe vitatu vya chai ya alfajiri ndivyo vinavyomlowesha saa mbili. Anapunguza kimoja bila kuambiwa na mtu. Tena watu hujiunga na utafiti pale hali imewachosha kabisa, na hali ikishafika huko mara nyingi hurudi nyuma kidogo yenyewe. Yote hayo yamo ndani ya ile 39. Kazi ya dawa yenyewe ni ile tofauti, kama pointi 30. Si ya kubeza.

Sasa kile kipande. Utafiti huo naufahamu: ulitoka mwaka 1998 kwenye JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, ukiongozwa na Kathryn Burgio, kwa wanawake 197 wa miaka 55 hadi 92. Makundi yalikuwa matatu. Hilo la tatu halikumeza chochote. Walifundishwa kubana misuli ya nyonga na kuutuliza mkojo unapowashika, mahudhurio manne ndani ya wiki 8. Kuvuja kwao kulipungua kwa asilimia 81. Na ipo namba ninayoipenda kuliko hiyo: walipoulizwa mwishoni kama wangetaka kubadilishiwa tiba, kwenye kundi la mazoezi walitaka asilimia 14 tu. Kwenye kundi la dawa walikuwa karibu 76, sawasawa na wa kidonge kitupu. Mdomo wako mkavu unajua sababu mojawapo.

Utaniambia wenzetu walikuwa na mashine. Ni kweli, walitumia kifaa cha kumwonyesha mgonjwa misuli anayobana. Lakini mwaka 2002 Burgio na wenzake walilinganisha wenye kifaa, waliofundishwa kwa maelezo huku mpimaji akiigusa misuli kwa vidole, bila kifaa, na waliopewa kijitabu wakafanye nyumbani. Kuvuja kulipungua kwa asilimia 63, 69 na 59, na kitakwimu hakuna aliyemshinda mwenzake. Kijitabu, mwalimu!

Tuje mlangoni kwako. Kibofu chako kinajikaza kabla hakijajaa, na ile hamu huja kama wimbi: inapanda, inafika juu, inashuka. Wewe unakimbia likiwa juu kabisa. Isitoshe, ubongo umeshazoea kwamba ufunguo maana yake choo. Kwa hiyo simama, ufunguo ubaki kwenye mkoba. Bana ile misuli unayozuilia ushuzi mbele za wakwe, haraka haraka mara tano au sita, bila kukaza tumbo wala mapaja. Vuta pumzi. Subiri wimbi lishuke ndipo ufungue, uende kwa mwendo wa kawaida. Siku za mwanzo utalowa, nakwambia mapema.

Na daftari ulianze leo. Nunua jagi la plastiki lenye alama za mililita, siku tatu upime kila mkojo, usiku na mchana. Ukiona 100, 120, 90, kibofu ndicho chenye haraka. Ukiona 400 kila mara na safari ni nyingi, hapo mkojo wenyewe ni mwingi, na lazima tupime sukari. Wagonjwa wangu wengi hapa Mbeya wakitaka kusafiri kwenda Dar huacha maji tangu jana yake. Mkojo mzito unakichokoza kibofu, na choo kikiwa kigumu nacho kinakisukuma. Kunywa maji, punguza chai. Baridi ya Juni na Julai nayo huongeza mkojo, hilo usijilaumu.

Kuhusu vidonge, rudi kwa aliyekuandikia kabla hujaongeza wala kununua vingine dukani. Oksibutinini inazuia ujumbe unaokaza kibofu, lakini ujumbe huohuo ndio unaotoa mate na kusukuma choo, na dawa inafika hadi kwenye ubongo. Kwa umri wako, ukianza kusahausahau, mwambie. Ipo mirabegroni, iliyoidhinishwa Japani mwaka 2011. Inapita njia nyingine, haikaushi mdomo kiasi hicho, ila inaweza kupandisha presha. Sindano ya botoksi, dawa ya kulegeza misuli, kwenye kibofu ni ya walioshindwa na hayo yote, na baadhi yao hulazimika kutumia mpira wa mkojo kwa muda.

Kama unavuja mfululizo bila kubanwa, au umeona damu, acha haya yote uje hospitali wiki hii. Hilo ni jambo jingine. Vinginevyo njoo na daftari lako baada ya siku tatu. Tutaanza na kipimo cha UTI, kwa hiyo usipitie chooni kabla ya maabara. Najua ninachokuomba.